Tabo ni tabu: tulivyobadilisha injini ya Fuso ya baba pale Kizota

Kama uliwahi kupanda mlima Saranda miaka ile ukakwama nyuma ya Fuso ya bluu imebeba saruji, inatembea kama inasindikiza maiti, basi ni sisi, na samahani sana. Najua mlitutukana. Wengine mlitutukana mkiwa mnatupita, dirisha wazi, tukasikia.

Kwa asiyeijua hiyo njia, ukitoka Dodoma unapita Nala, unapita Bahi kwenye mpunga, unafika Kintinku, kote huko ni tambarare na barabara imenyooka mpaka dereva anaanza kusinzia, alafu mbele unaona ukuta. Ule ukuta ni ukingo wa Bonde la Ufa na juu yake ndo Manyoni. Gari ndogo inapanda kama haijaona kitu. Sisi na mifuko yetu 220 ya saruji, yaani tani 11 kavu, tulikuwa tunaingia na gia ya tatu, baada ya kona moja ya pili, alafu ya kwanza, na hapo utingo anashuka anachukua gogo lake anatembea kwa miguu nyuma ya gari ili ikizima aliweke chini ya tairi. Anatembea na hatuachi! Siku moja alisimama kununua ubuyu kwa watoto, akalipa, akahesabu chenji, akatukuta.

Gari ni ya marehemu baba. Aliinunua ikiwa mtumba wa Japani, Fuso ya ekseli mbili, injini 6D14, na kwa miaka mingi ndo ilitusomesha sote nyumbani. Alipofariki ikabaki kwa mama na mimi nikawa msimamizi, maana kaka zangu wako mbali na hawataki vumbi. Dereva ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Yeye ananiita mjomba na mi namwita mjomba, wateja wanachanganyikiwa. Kazi yetu ni rahisi kueleza: kwenda tunapeleka saruji na mabati Manyoni, kurudi tunashuka na alizeti au mahindi.

Sasa kabla hamjaanza kuidharau 6D14, hiyo ni injini ya heshima. Silinda sita, lita 6.5, haina tabo (turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa kwa nguvu), haina waya wa kompyuta hata mmoja, ukiwa na spana na akili unaitengeneza porini. Ikiwa mpya ina nguvu za farasi kama 160 hivi. Ila hizo ni za kitabuni, zimepimwa hali ya hewa ya usawa wa bahari. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe, kwa hiyo kila mita 100 unazopanda inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu. Piga hesabu, kabla hata hujawasha gari ushanyang'anywa kama asilimia 10. Ongeza joto la mwezi wa kumi na moja, ongeza ringi za pistoni zilizochoka, ongeza eakilina, yaani chujio la hewa, iliyojaa vumbi la Bahi. Zile farasi 160 mi nadhani zilikuwa zimebaki 110 na zote zinakohoa.

Na hapa ndo naanza kukiri ujinga.

Kuna fundi wa pampu mmoja, simtaji wala gereji yake siitaji, aliniambia dada acha kuhangaika, mi nakufungulia pampu. Kama hujui, pampu ya dizeli ina skrubu imefungwa na sili, ile skrubu ndo inapanga injini inapewa dizeli kiasi gani ukikanyaga mpaka mwisho. Akakata sili, akazungusha, dakika 20, elfu 80 yake mfukoni. Tukatoka barabarani na mjomba, aisee, gari imepata wazimu! Inavuta. Mjomba anacheka peke yake. Nyuma tunaacha wingu jeusi mpaka mwendesha bodaboda akasimama pembeni akafuta macho. Mi nikaona ule moshi ndo ushahidi wa nguvu.

Moshi mweusi sio nguvu. Moshi mweusi ni dizeli uliyoinunua kwa hela yako ambayo imekosa hewa ya kuungua nayo. Injini inavuta hewa ileile, we umeongeza mafuta tu, kwa hiyo yanaungua nusunusu, yanaungua kwa kuchelewa, na joto ndani ya silinda linapanda kwa kasi ambayo saa ya tempricha haikuonyeshi kwa sababu ile saa inapima maji, haipimi moto. Pistoni ni aluminiamu. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 na kabla ya hapo inakuwa laini kama sabuni iliyolala kwenye maji. Kwenye barabara tambarare haina neno kwa sababu hukanyagi mpaka chini muda mrefu. Saranda unakanyaga mpaka chini dakika 20 mfululizo.

Safari ya nne. Kona ya tatu. Tukasikia tok, tok, tok, alafu bomba la kupumulia la injini likaanza kutoa moshi kama jiko la kuni, alafu kimya. Utingo kwa mara ya kwanza gogo lake likafanya kazi kweli. Tulilala pale usiku mbili tunalinda saruji na mawingu yanajikusanya upande wa Bahi, turubai letu lina matundu, mi nasali Mungu asiteremshe mvua juu ya mifuko 220 ya mtu. Hakuteremsha. Tulipofungua silinda hedi baadaye pistoni namba 5 ilikuwa imetoboka katikati, tundu la kuingia kidole gumba, kama kaa la moto limedondoka kwenye ndoo ya plastiki.

Basi gari ikavutwa mpaka Kizota, hapa Dodoma mjini, kwa fundi mmoja mzee ambaye baba alikuwa anamwamini. Nikamsalimia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akainama chini ya bodi, akaangalia pampu, akaona sili imekatwa. Hakusema kitu. Akanipa kigoda. Mi nadhani angenigombeza ningejisikia afadhali.

Alinichorea kwenye mchanga kwa kijiti, na mpaka leo ndo somo bora la injini nililowahi kupata. Kasema hizi injini za 6D zote ni ukoo mmoja. Silinda fikiria ni kikombe. Kikombe cha 6D14 mdomo wake una milimita 110 na pistoni inasafiri milimita 115 juu chini. Ukizidisha kwa vikombe sita unapata lita 6.5. Kikombe cha 6D16 mdomo ni 118, safari ileile 115, inakuja lita 7.5. 6D17 mdomo 118 uleule ila safari imerefuka kuwa 125, inakuja lita 8.2. Sasa binti chagua unataka nini, kikombe kikubwa, au kikombe cha kati ila kuna mtu anakupulizia hewa kwa nguvu? Maana 6D16 kuna zenye tabo.

Vijana wa pale gereji wote walikuwa upande wa 6D17. Haina tabo, haina mambo mengi, kubwa, imara. Mmoja kasema weka ya Scania kabisa tumalize ubishi, mzee akamwambia injini ya Scania kwenye chasisi hii ni tembo kumvalisha kandambili. Mjomba pia alitaka 6D17, hoja yake ni kwamba tabo ni tabu. Ikifa uko Itigi usiku utafanyaje?

Mimi ndo nilitaka tabo, na sababu yangu ilikuwa moja tu, ile hewa. 6D17 ni kikombe kikubwa lakini bado inavuta kwa mapafu yake, ukiipandisha Manyoni nayo inapoteza asilimia zake kama mwenzake. Tabo inachukua ule moshi wa ekzosi ambao ulikuwa unaenda kupotea bure, unazungusha kifeni kimoja, na kifeni hicho kimeunganishwa kwa shafti moja na kifeni kingine upande wa pili kinachosukuma hewa safi ndani kwa presha. Hewa ikiwa nyepesi yenyewe inazunguka zaidi kidogo kufidia. Mlima hauigusi sana. Na sababu ya pili aliitoa mzee mwenyewe: kwa kuwa safari ya pistoni ya 6D16 ni 115 sawa na yetu, kimo cha bloku ni kilekile, itakaa mahali pa mwenzake bila kugombana na kebini.

Kuna watu wataniuliza mbona hukununua tabo tu ukaifunga kwenye 6D14 yako baada ya kubadili pistoni? Wapo wanaofanya na wapo wanaolia. Injini iliyozaliwa na tabo pistoni zake zimepunguziwa mgandamizo, na kawaida inakuwa na vibomba vinavyorusha oili chini ya pistoni kuipoza. Ile isiyo na tabo haina maandalizi hayo. Ukiisukumia hewa juu ya mgandamizo wake mkubwa, kwanza gasketi ya hedi inakuaga, alafu na vingine vinafuata. Nilishalipia ada ya shule ya njia ya mkato, sikutaka muhula wa pili.

Tukaenda Dar, Gerezani. Sijui niieleze vipi Gerezani kwa mtu ambaye hajafika. Injini zimelala kama ng'ombe mnadani, na wauzaji wako vilevile kama mnadani, kila mmoja ng'ombe wake ndo ananyonyesha. Mzee alinipa masharti kwenye karatasi na akanipa kijana wake mmoja twende naye. Sharti la kwanza, injini iliyopigwa rangi ya silva ikang'aa ipite, usisimame hata kuuliza bei. Rangi inaficha ufa, inaficha uvujaji, inaficha namba iliyosagwa. Tafuta yenye uchafu wake wa Japani, oili imegandana na vumbi, hiyo haijaguswa. La pili, zungusha krenki kwa mkono na spana ndefu, mzunguko kamili mara mbili, usikie kama kuna mahali inakaza. La tatu, fungua kifuniko cha oili, kama kuna ute mweupe kama maziwa, maji yameshaonana na oili huko ndani, kwaheri. La nne, shika kifeni cha tabo kwa vidole ukitikise. Kinatakiwa kuzunguka huru na mchezo mdogo sana wa pembeni, ila kwenda mbele na nyuma kisicheze kabisa, maana kile kinazunguka karibu mara laki moja kwa dakika na kikigusa ukuta ndo mwisho wake.

La tano ndo wauzaji hawakulipenda: waiwashe hapohapo chini. Betri mbili kwa kuwa ni volti 24, dumu la dizeli juu ya kiti, mpira wa maji. Wawili walikataa. Wa tatu akakubali huku ananuna, ikawaka mara ya pili, moshi ukatoka mweupe kidogo alafu ukapotea. Tukafungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma, kijana akaweka kiganja pale juu, pumzi ilikuwa ndogo. Pumzi ikiwa kubwa ina maana moto unapita pembeni ya ringi unaingia kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Tukapatana milioni 11 kasoro kidogo pamoja na klachi yake na flaiwili yake, na nikadai risiti yenye namba ya injini. Muuzaji kaniuliza risiti ya nini dada, we si unafunga tu? Hapana kaka, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini bila kubadili kadi, siku ya ukaguzi barabarani au siku ya kuuza au, Mungu apishe mbali, siku ya ajali mbele ya watu wa bima, gari yako na karatasi yake zitakuwa haziongei. Nilikuja kuzunguka na hiyo karatasi wiki kadhaa, ukaguzi wa polisi, kisha TRA, lakini bila ile risiti nisingepata pa kuanzia.

Injini ikapanda lori la mtu kilometa 450 mpaka Dodoma, na Kizota ikateremshwa kwa chenibloku, zaidi ya nusu tani ya chuma inaning'inia kwenye mabomba matatu yaliyofungwa juu kama miguu ya kigoda. Watoto wa jirani wakakatazwa kusogea, wakasogea.

Mi nilifikiri kubadilisha injini ni siku tatu. Toa hii, weka ile, mimina oili. Tulikaa siku 19.

Mauntingi za mbele, yaani vishikizo vya injini kwenye chasisi, zilikubali. Za nyuma zikapishana vidole viwili, zikakatwa zikachomelewa upya, na mzee alikataa zichomelewe mpaka injini iwe imekaa na giaboksi imeshikana, anapima kwa uzi na maji kwenye chupa ya soda. Kijana mmoja kacheka ule uzi. Mzee kamwambia injini ikikaa kombo kiasi cha ukucha, shafti itakaa kombo, beringi itakufa, alafu utakuja kusema beringi za siku hizi ni feki. Klachi mpya ilikuwa pana kuliko ya zamani, kitu ambacho ndo tulitaka, lakini splaini, yale meno ya katikati, hazikuoana na shafti ya giaboksi yetu, ikabidi pleti itafutwe Dar tena na ije na basi. Beringi ndogo ya kwenye flaiwili, ile inayoshika pua ya shafti, saizi tofauti, ikaenda kwa fundi wa kukereza atengeneze bushi. Siku tatu kwa kitu cha ukubwa wa pete!

Tabo nayo ilitaka njia zake. Bomba la hewa kutoka eakilina lililokuwepo lilikuwa jembamba, ukimfungia tabo bomba jembamba ni sawa na kumpa mkimbiaji mrija wa juisi apumulie. Likabadilishwa. Bomba la ekzosi nalo likaongezwa upana, na likavishwa vitambaa vya kuzuia joto pale linapopita karibu na waya. Bomba dogo la kupeleka oili kwenye tabo likasafishwa kwa dizeli na upepo mara tatu, mzee mwenyewe, hakumwachia mtu. Kasema tabo nyingi zinazokufa hazifi kwa uzee, zinakufa kwa kiu.

Alafu ikaja rejeta, na hapa natofautiana na mafundi wengi wa mji huu. Nguvu zaidi ni joto zaidi. Rejeta ya 6D14 ilikuwa na kazi ya kupoza 6D14, huwezi kuiambia ipoze lita 7.5 zenye tabo. Na yetu ilikuwa imejaa ugumu mweupe ndani kwa sababu baba, Mungu amrehemu, alikuwa anamimina maji ya bomba, na maji yetu ya visima Dodoma kila mtu anayajua, ukichemshia chai sufuria inaota magamba. Nikanunua rejeta ya mistari mitatu na kulenti, maji maalumu ya rejeta, madumu mawili. Fundi mmoja akaniambia nisihangaike, tutoe themostati tu, maji yatapita kwa uhuru na gari haitachemsha. Hiyo themostati imetolewa kwenye nusu ya magari ya Dodoma na nusu hiyohiyo inakula oili. Injini isipofika joto lake inaungua vibaya, dizeli inalowanisha kuta za silinda na kuosha oili, ringi zinasagika. Themostati yetu ikabaki. Mzee akanitazama kwa jicho la pembeni akatabasamu, na mi nikajiona nimefaulu darasa la saba.

Sili ya pampu ya 6D16 haikuguswa. Iko vilevile mpaka leo.

Siku ya kuwasha tulianza kwa kuizungusha na stata bila kuipa dizeli, mpaka presha ya oili ionekane na oili ifike juu kwenye tabo. Kisha mjomba akavuta. Sauti ni nyingine kabisa. 6D14 ilikuwa inagonga kama mtu anapasua kuni, hii inaunguruma chinichini na ukikanyaga unasikia filimbi nyembamba ya tabo inapanda. Mama alikuja kuiona na kanga yake ya msibani, akasikiliza, akasema ndo hii? Mbona inapiga mluzi?

Saranda ya kwanza tulibeba mifuko 220 ileile. Mi nilikaa kati ya mjomba na utingo, roho juu. Tumeingia na gia ya nne. Kona ya kwanza ya nne, kona ya pili mjomba akashusha ya tatu, na ya tatu ikakaa. Ikakaa mpaka juu. Utingo alikuwa ameshakamata gogo mapajani tangu Kintinku, anasubiri kuambiwa shuka. Hakuambiwa. Ikabidi akae nalo kama mama aliyebeba mtoto wa mtu kwenye daladala.

Ila nguvu ikiingia kwenye gari inaanza kutafuta mnyonge. Injini ya zamani ilikuwa dhaifu kiasi kwamba ilikuwa inavilinda vitu vingine vyote kwa udhaifu wake. Wiki ya tatu krosi ya propela, kiungo cha ile shafti ndefu inayopeleka nguvu tairi za nyuma, ikakatika pale Nala, karibu kabisa na nyumbani, tunaondoka kwenye kituo na mjomba kaachia klachi kwa mbwembwe. Propela ikadondoka mbele ikapiga lami. Tukabadili krosi zote, sio moja. Miezi miwili baadaye difu, gia za kwenye ekseli ya nyuma, ikaanza kulia, tukafungua, meno yameanza kuliwa upande mmoja. Hizo hazikuwa kwenye bajeti yangu. Kama unafikiria kubadilisha injini, hela uliyoandaa ya injini weka pembeni nyingine kama nusu yake ya vitu ambavyo injini itavivunja. Mi sikuwa nayo, nikakopa kikoba.

Na breki. Watu wanazungumzia kupanda tu, lakini sisi tunarudi na alizeti tukishuka Saranda hiyohiyo, na breki ni zilezile za zamani. Injini mpya haijui kusimamisha gari. Mjomba zamani alikuwa anafika juu Manyoni amechoka, anashuka kwa adabu. Sasa anafika ana furaha. Tuligombana, kweli tuligombana, nikamwambia shikamoo mjomba lakini gari itashuka na gia ileile iliyopandia, ekzosi breki, ile inayoziba ekzosi ili injini ishikilie gari, imewashwa, na siku nikisikia umeweka nyutro mlimani ili kuokoa dizeli funguo utampa mama. Hakuongea na mi siku mbili. Kwa sasa anashuka na ya tatu.

Kishawishi kingine kilitoka kwa wateja. Walipoona gari inavuta wakaanza, ongeza mifuko 60 basi, si mmeweka tabo? Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki haisomi injini yako. Ekseli ya mbele tani 8, ya nyuma yenye tairi nne tani 10, jumla 18 na gari lenyewe ndani yake, iwe una farasi 100 au 400. Na chasisi nayo haijabadilishwa, spring hazijabadilishwa. Tunabeba tani zetu 11 zilezile. Tofauti ni kwamba zamani Dodoma Manyoni, kama kilometa 120 hivi, ilikuwa ni kuondoka saa kumi na moja alfajiri na kufika jua la utosi. Sasa tunafika watu wanakunywa chai, tunashusha, tunapakia, na jioni tuko Kizota. Dizeli? Nilitegemea itapanda sana. Imepanda kidogo kwenye tambarare kwa sababu ya mguu wa mjomba, na mlimani imepungua, maana gia ya kwanza kwa dakika 20 ilikuwa inakunywa kuliko harusi.

Tabu ya tabo ambayo mjomba aliogopa bado haijatukuta. Tumeweka sheria, ukifika unaiacha iungurume taratibu dakika mbili tatu kabla ya kuzima, ili oili iendelee kukipoza kile kifeni wakati bado kina moto, na oili inabadilishwa mapema kuliko zamani. Utingo ndo mlinzi wa zile dakika, anahesabu kwa sauti, anakera.

Ile 6D14 ipo nyumbani, chini ya mwarobaini, imekaa juu ya tairi mbili. Kuku wanatagia pembeni ya sampu. Mwezi uliopita alikuja jamaa kutoka Mpwapwa anaitaka, anasema atabadili pistoni aifunge kwenye mashine ya kusaga, akatoa bei nzuri tu, na deni la kikoba bado lipo. Nikamwita mama atoke waongee. Mama akamkaribisha kiti, akampa maji, akamuuliza habari za Mpwapwa, mvua zikoje, alafu akamtajia bei ambayo ungepata Gerezani injini mbili na nauli ya kurudi. Jamaa akamaliza maji yake, akaaga.